Warushaji wa Februari

Februari 2024 kazi yangu ilikuwa kusukuma toroli la uji na mayai katika nyumba ya wazee iliyo juu ya kilima kimoja cha Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, theluji ya juzi imeshageuka barafu ya rangi ya majivu kando ya njia. Kabla sijamaliza kumimina kahawa, meza ya dirishani ilikuwa imeshachemka. Watu watatu, ukijumlisha umri wao unapata kama miaka 240, wanagombania kiwiko cha kijana wa miaka 21.

Kijana mwenyewe alikuwa mbali, Bradenton, Florida, kwenye jua la kambi ya mazoezi, hana habari nao. Jina lake Paul Skenes. Timu yake Pittsburgh Pirates. Mchezo ni besiboli, ambao mimi, mtoto wa Tanga niliyekulia kandanda, kwa muda mrefu niliuona kama watu wazima waliovaa pajama wakisubiri jambo litokee.

Hao watatu nitawataja kwa majina niliyowabandika mwenyewe. Mzee Chuma alifanya kazi kiwanda cha chuma mpaka kiwanda kikafa, akabaki na viganja kama majembe na kisukari. Mzee Posta alisambaza barua kwa miguu miaka 30 na ushei kwenye vilima hivi, na magoti yake ndiyo ushahidi. Bibi Redio sikuwahi kujua alifanya kazi gani. Nilichojua ni kwamba analala na redio ndogo kando ya mto, na ana daftari ambamo huandika kila mechi kwa penseli, mpira kwa mpira. Mbele yao niliwaita Bwana fulani na Bi fulani, kama inavyotakiwa huku. Wao waliniita kijana, na mimi nina miaka 38.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu. Anasimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji mwenye rungu, na anarusha kimpira kigumu. Wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, unafika chini ya nusu sekunde. Mechi ina awamu 9. Mrushaji aliyeamka vizuri anaweza kuikalia mechi nzima peke yake kwa namna ambayo hakuna kipa wala mshambuliaji anayeweza. Lakini akisharusha leo, anakaa siku nne au tano bila kurusha, kwa hiyo timu inahitaji watano wa kupokezana.

Tatizo ni kwamba mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kano ya upande wa ndani wa kiwiko hukatika. Mwaka 1974 daktari mmoja wa Los Angeles, Frank Jobe, alichukua kano kutoka mkono mzima wa mrushaji aitwaye Tommy John akaitia kwenye kiwiko kilichoharibika. Watu walidhani kwisha habari yake. Tommy John akarudi akashinda mechi 164 zaidi, na upasuaji ukabeba jina lake. Siku hizi kovu hilo kwa warushaji ni kama kovu la chanjo ya ndui kwa wazazi wetu: ukimwona asiyekuwa nalo, unamwangalia mara mbili.

Basi kubishana kuhusu chipukizi wa kurusha ni kama kuugombania mwembe ukiwa maua matupu. Kila mtu anajua maua mengi yataanguka. Na kila mtu keshachagua tawi lake.

Mwaka ule matawi yalikuwa matatu. Skenes, aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima Julai 2023 (kila mwaka klabu huchagua chipukizi kwa zamu) kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, akapewa dola milioni 9.2 za kutia saini tu, rekodi kwa wakati ule. Jared Jones, kijana wa California, miaka 22, mpira wake unatoa mlio ukiingia kwenye glavu. Na Quinn Priester, miaka 23, ambaye alishapandishwa mwaka uliotangulia akapigwa kama ngoma ya mganga. Swali la mezani lilikuwa moja, likiulizwa kwa sauti tofauti kila siku: Skenes aanze msimu na timu kubwa mwishoni mwa Machi, au apelekwe kwanza ligi ya chini, Indianapolis?

Mzee Posta alitaka aanze. Leo, ikiwezekana kabla ya chai. Mzee Chuma alisema hata akianza, ni yale yale, hawa vijana wote ni ahadi za mwanasiasa. Bibi Redio alikuwa na swali lake moja ambalo hakuna aliyetaka kulijibu: "Sawa, atarusha. Na kupiga, nani atapiga?"

Wiki ya kwanza nilidhani wanabishana kuhusu Skenes. Ilinichukua muda kugundua kwamba kila mmoja pale alikuwa akibishana na mtu aliyekwisha kuondoka zamani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na meza ile ilikuwa na nyoka watatu.

Nyoka wa Mzee Chuma aliitwa Bryan Bullington. Mwaka 2002 Pirates walikuwa na nafasi ya kwanza ya kuchagua, kama walivyokuwa nayo 2023. Wakamchukua Bullington, mrushaji. Wakamwacha Zack Greinke, aliyechukuliwa wa sita. Wakamwacha Cole Hamels, aliyechukuliwa wa 17, na Matt Cain, wa 25. Hao watatu waache tu, wote waligeuka warushaji wakubwa. Bullington aliumia bega, akahangaika, na kwa Pirates hakushinda hata mechi moja. Ushindi wake wa pekee katika ligi kuu aliupata 2010, akiwa Kansas City Royals. Baadaye alikwenda Japani, Hiroshima, na huko alifanya vizuri kabisa, jambo ambalo nilipomwambia Mzee Chuma aliniangalia kama nimemtukana.

Muda ule timu ilikuwa katikati ya kitu ambacho watu wa hapa hukitamka wakitazama chini: misimu 20 mfululizo, kuanzia 1993 hadi 2012, kila mwaka mechi walizofungwa ni nyingi kuliko walizoshinda. Mtoto alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, hajawahi kuona mwaka mzuri. Mzee Chuma alikuwa ameshapoteza kiwanda. Timu ilikuwa ndiyo iliyobaki, nayo ikamletea Bullington.

Nyoka wa Mzee Posta alikuwa wa aina nyingine, maana huyu hakuanguka. Gerrit Cole, naye wa kwanza kuchaguliwa, 2011. Alipanda 2013, na mwaka huo huo ukame ukaisha, Pirates wakaingia mtoano. Mwaka 2015 alishinda mechi 19. Halafu Januari 2018 wakamuuza Houston kwa wachezaji wanne ambao, nikisema ukweli, nimelazimika kuambiwa majina yao mara tatu. Mwaka 2019 Cole akawatoa wapigaji 326 kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira wake wakatoka, kisha Yankees wakampa mkataba wa dola milioni 324. Novemba 2023, miezi mitatu tu kabla ya mabishano ninayoyasimulia, alitwaa tuzo ya mrushaji bora ya Cy Young, amevaa jezi ya New York.

Na kama hilo halikutosha, Julai ya mwaka ule ule wa 2018 walimtoa mrushaji mrefu kama mnazi, Tyler Glasnow, pamoja na Austin Meadows na Shane Baz, ili wampate Chris Archer, mrushaji aliyekuja kuwaangusha. Jina la Archer mezani lilikuwa halitajwi wakati wa kula.

Kwa hiyo Mzee Posta aliposema "mleteni sasa", alikuwa anahesabu. Mchezaji akikamilisha miaka 6 ya utumishi anakuwa huru kwenda anakotaka, na Pirates hawalipi kama New York. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Siku za msimu ni zaidi ya hizo kidogo tu. Ukimchelewesha kijana ligi ya chini wiki chache mwanzoni, siku zake hazitimii, na klabu inapata karibu mwaka mzima wa ziada wa kumtumia kwa bei nafuu kabla hajawa huru. Klabu haitasema hivyo. Itasema kijana anahitaji kuongezewa idadi ya mipira taratibu, na si uongo, kiwiko ni kiwiko. Lakini Mzee Posta alikuwa na miaka 80.

"Wao wanaweka akiba siku," aliniambia siku moja nikimpangusia meza. "Siku za nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwongezea kahawa.

Nyoka wa Bibi Redio alikuwa mkongwe kuliko wote, na yeye alimtaja kwa upole, kama mtu wa ukoo. Tarehe 26 Mei 1959, akiwa na miaka 12, alikuwa chini ya blanketi na redio, wazazi wakidhani amelala. Pirates walikuwa ugenini Milwaukee. Mrushaji wao, Harvey Haddix, mtu mfupi, aliwakabili wapigaji 36 katika awamu 12, na hakuna hata mmoja aliyefika kambi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Narudia: hata mmoja. Kamili kwa awamu 12, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea katika ligi kuu. Na Pirates wenzake walipiga mipira 12 mizuri usiku ule bila kupata mkimbio hata mmoja, na mkimbio ndiyo goli la huku. Awamu ya 13 beki wa kambi ya tatu akakosea kurusha, mambo yakaharibika, Haddix akafungwa 1-0.

Bibi Redio alihadithia hadithi hiyo mara mbili tu kwa muda wote niliofanya kazi pale. Lakini "nani atapiga" tuliipata kila asubuhi.

Nilikuwa nampigia baba wakati wa mapumziko, mchana wa huku, saa mbili usiku Tanga. Shikamoo, marahaba, hali ya mvua, halafu ananiuliza wazee wangu wanasemaje.

"Wanabishana kuhusu yule kijana wa kurusha, baba."

"Amecheza mechi ngapi?"

"Ligi kuu? Hajacheza hata moja."

Kimya. Nikasikia anavuta kiti. "Na hiyo timu yao imechukua ubingwa lini mara ya mwisho?"

"1979."

"Afadhali sisi," akasema baba. "1988."

Sisi ni Coastal Union. Ukiwa mtu wa Coastal hauhitaji kufundishwa kuhusu Pirates. Unalea kijana, unamwona anakua, unajisifia kijiweni kwamba huyu ni wetu, na siku anayokomaa Simba au Yanga anapita na gari. Bakari Mwamnyeto alipokwenda Yanga 2020, baba alinipigia simu kwa sauti ile ya kutoa taarifa ya msiba. Tofauti niliyoiona ni moja. Kijiweni kwetu kabla ya msimu tunagombana kuhusu mtu aliyeshuka kwenye ndege jana na picha zake za usajili zimesambaa: anajua au hajui. Huku wanagombana kuhusu mtu wa mwaka keshokutwa, na wanajua majina ya vijana wa ligi za chini kabisa kama mtu anavyojua mimba za mtaani.

Wiki ya mwisho ya kambi Mzee Chuma alitoa tamko. Hawa watatu, alisema, kabla majani ya vuli hayajapukutika, mmoja atakuwa amelazwa chini ya kisu na mmoja atakuwa amevaa jezi ya watu. Mzee Posta akasimama, jambo ambalo kwa magoti yale si dogo, akasema anaweka keki yake ya Ijumaa. Pale keki ya Ijumaa si mchezo. Ndiyo chakula pekee jikoni kinachopikwa na mtu anayependa kupika. Bibi Redio akaandika dau kwenye daftari, tarehe na yote. Hakuna aliyekumbuka kuuliza Mzee Chuma, mgonjwa wa kisukari, akishinda keki ataifanyia nini.

Jambo jingine ambalo halikuulizwa: Priester. Kwenye ubishi wote ule hakuna aliyemtetea. Mzee Posta alimwita mpira wa mazoezi. Mzee Chuma alimweka kwenye nafasi ya "jezi ya watu" na kusema safari njema. Hata mimi, niliyekuwa sijui kitu, nilicheka.

Msimu ukaanza. Skenes akapelekwa Indianapolis kama Mzee Posta alivyohofia. Jones akabakizwa timu kubwa, na mechi yake ya kwanza, Machi 30 kule Miami, aliwatoa wapigaji 10 kwa straiki. Pirates wakaanza kwa kushinda mechi 5 mfululizo na meza ya dirishani ikawa haikaliki. Huko Indianapolis, Skenes alirusha awamu 27 na kitu akatoa wapigaji 45. Kila asubuhi Mzee Posta aliisoma takwimu hiyo kama hati ya mashtaka.

Wakampandisha Jumamosi ya Mei 11, nyumbani, dhidi ya Chicago Cubs. Zamu yangu ilikuwa imekwisha saa nane lakini sikuondoka. Chumba cha televisheni kilijaa mpaka wale wasiofuatilia mchezo. Mpigaji wa kwanza akatolewa kwa straiki, na Mzee Posta akapiga mkono wa kiti mara moja, paa, kama hakimu.

Skenes alirusha awamu 4, akatoa 7, akaondoka awamu ya 5 Pirates wakiongoza vizuri. Kilichofuata ni kichekesho cha mji huu kwa ufupi. Warushaji waliompokea walishindwa kabisa kuulenga uwanja wa mpigaji. Wakagawa kambi za bure moja baada ya nyingine, mpigaji anatembea tu kwenda kambi ya kwanza bila kupiga, mpaka mikimbio ikawa inaingia yenyewe. Halafu mvua. Zaidi ya saa mbili mechi ilisimama. Wazee wakapelekwa kula, wakarudishwa, wengine wakalala vitini. Pirates walishinda 10-9. Siku ile, angalau, swali la nani atapiga lilijibiwa, na Bibi Redio aliandika "10" kwenye daftari kwa herufi kubwa, akaipigia mstari.

Wiki iliyofuata, Chicago, awamu 6, wapigaji 11 nje kwa straiki, hakuna aliyepiga mpira mzuri hata mmoja. Mpaka mwisho wa msimu Skenes alikuwa na ushindi 11, amefungwa 3, wastani wa mikimbio 1.96 tu aliyoruhusu kwa kila awamu 9, na tuzo ya mchezaji mpya bora. Na hapa ndipo penye utamu. Kwa mkataba wa wachezaji wa 2022, mchezaji mpya akishika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye tuzo hiyo anahesabiwa mwaka mzima wa utumishi hata kama siku zake hazikutimia. Zile wiki za Indianapolis hazikuokoa hata siku moja. Mzee Posta aliponieleza hilo alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji.

Dau sasa. Mwishoni mwa Julai Priester aliuzwa Boston. Jezi ya watu, tayari. Jones naye aliumia Julai ile ile, msuli wa mgongoni chini ya kwapa, akakaa nje wiki kadhaa, akarudi Agosti. Mzee Chuma akadai keki. Mzee Posta akakataa: kuumia si kisu. Msuli si upasuaji. Bibi Redio akafungua daftari, akasoma neno kama lilivyoandikwa, "kisu", akalifunga. Majani yakapukutika. Keki haikulipwa, na kwa miezi mingi hao wawili walibishana kuhusu sheria za dau kuliko walivyowahi kubishana kuhusu warushaji.

Mei 2025 Jones alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Msimu mzima ukaenda. Mzee Chuma hakufurahi. Alikuja mezani asubuhi ile, akakaa, akasema neno moja tu, "Kisu", na hakudai chochote. Priester, ambaye Boston nao walikuwa wamemtoa Aprili kwenda Milwaukee, akamaliza mwaka huo kwa ushindi 13 na kufungwa 3 tu. Yule mpira wa mazoezi. Kwenye meza ile jina lake sasa liko kundi moja na la Archer.

Na Skenes? Mwaka 2025 wastani wake ulikuwa 1.97, alitoa wapigaji 216 kwa straiki, na Novemba alipewa Cy Young, kura zote za kwanza zikiwa zake. Rekodi yake ya mechi: ameshinda 10, amefungwa 10. Mrushaji bora wa ligi nzima, nusu kwa nusu, kwa sababu akirusha wenzake hawapati mikimbio. Niliposoma namba hizo kwa sauti, Bibi Redio hakusema kitu. Alifungua ukurasa wa mwanzo wa daftari jipya, akaandika jina la Haddix juu, la Skenes chini yake, akanigeuzia nione.

Ijumaa ya wiki ile Mzee Posta aliomba hukumu rasmi ya dau. Bibi Redio akaamua: jezi ilikuja kwa wakati, kisu kilichelewa, kwa hiyo nusu keki. Mzee Posta akaikata mwenyewe kwa uma, kwa uangalifu wa mtu anayegawa urithi, akaisukuma ng'ambo ya meza. Ilikuwa ya tufaha, mdalasini mwingi. Mzee Chuma akaitazama. Akatazama mlangoni, muuguzi hajafika. Akanisukumia mimi.

"Kijana, kula upesi," akasema. "Halafu mwambie huyu kuhusu Chandler, chipukizi wao mpya wa kurusha. Anadhani atakuwa kama Skenes."

Nikala nimesimama, mkono mmoja kwenye toroli, na Mzee Posta alikuwa ameshaanza kujibu.